Mshono Katika Zege la Kulthumu

Inspekta Amuri alipanda ngazi akiogopa, na si kwa sababu ya urefu. Ukuta wa nyumba ya Kulthumu haukuzidi kimo cha watu wawili. Kilichomtisha kilikuwa chini, ng'ambo ya kichochoro: lori la kijani lililoegeshwa pale tangu asubuhi, turubai limeshushwa, dereva amelalia usukani. Rumonge nzima, mji ule mdogo wa kando ya ziwa, ililijua lori lile. Kiangazi kile cha mwaka sabini na mbili lilikuwa likiondoka limejaa watu na kurudi tupu, na hakuna aliyethubutu kuuliza limeshusha wapi.

Kapteni wa jeshi, mwenye lori lile, alikuwa amesema wazi. Hubert wa Gatete, aliyekuwa jicho lake na sikio lake hapa mjini, ameokotwa kwenye matete ya ziwa na kichwa kimepasuka. Aliuawa mchana, siku ile watu wa Kulthumu walipokuwa wakimwaga zege, na kutoka kwa Kulthumu hadi kwenye matete yale si mbali. "Nataka jina moja kabla jua halijazama," Kapteni alimwambia. "Ukinikosesha hilo moja, nitawachukua wote." Kisha akamwagizia Amuri chai, akamuuliza habari za Bujumbura kana kwamba hakusema kitu.

Amuri alikuwa mpelelezi wa Bujumbura, mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi, na aliletwa huku kwa sababu Kiswahili cha watu wa mwambao huu ndicho alichonyonya kwa mama yake. Ofisini kwao meza mbili zilikuwa tupu tangu mwezi wa tano. Wenye meza walitoka kwenda kula mchana, hawakurudi, na hakuna aliyewataja tena. Naye aliogopa, tena aliogopa sana, wala hakuona haya kulikiri hilo moyoni. Mtu asiyeogopa mwaka ule alikuwa ama mwendawazimu ama mwenye lori.

Juu ya ukuta alimkuta Nasoro, mwashi mkuu, mzee mkavu mwenye kofia ya kufuma iliyogeuka rangi ya simenti. Alikuwa akihangaika kuziweka kenchi za kwanza za upande wa ziwani: miti ya mkaratusi iliyopigiliwa pembetatu, tayari kubeba mabati.

"Amahoro, muzee Nasoro."

"Amahoro, shefu. Shika vizuri. Ile ubao haiko na nguvu."

"Niambie tena habari za siku ile."

"Nilishasema, shefu. Tulianza asubuhi, tukamwaga beto mupaka alasiri. Haiko mutu alishuka. Beto ukiianza, huwezi kuiacha katikati. Ukiiacha, unakuwa na nyumba mbili juu ya musingi moja."

"Na Cirhuza?"

Cirhuza alikuwa seremala wa nyumba hii, Mshi kwa kabila, kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kivu, fundi wa paa ambaye siku za Jumapili aliwafundisha watu kusoma nyuma ya kanisa. Mwaka ule, waliosoma walipokuwa wakichukuliwa kwanza, hilo lilikuwa kosa tosha.

"Cirhuza alikuwa hapa hapa, kando yangu," alisema Nasoro. "Alimaliza na sisi, akala wali na sisi. Kesho yake akaenda Kizuka kutafuta miti ya sharpante, ya paa. Atarudi."

Amuri aliyajua maneno hayo. Asubuhi ile alikuwa amewahoji wamwagaji zege mmoja mmoja, na kila mmoja alimpa yaleyale, kwa mpangilio uleule, mpaka wali. Mashahidi wa kweli hubishana. Mmoja husema jua lilikuwa kali, mwingine husema kulikuwa na wingu. Hawa walikuwa wamekubaliana hata juu ya wingu.

Alikuwa amekwisha poteza saa nzima kwa Asmani, mwenye mitumbwi. Kila mtu wa sokoni alimnong'oneza kwamba Asmani na Hubert walitukanana hadharani, na kwamba mtumbwi mmoja wa Asmani hauonekani. Asmani alidai upepo uliikata kamba yake. Ilikuwa njia nzuri ya kupeleleza, pana, rahisi, na Kapteni angeipenda. Tatizo lilikuwa nywele za maiti. Amuri alizichambua kwa vidole vyake mwenyewe katika chumba cha zahanati, na ndani ya jeraha akakuta punje za kijivu zilizoganda. Simenti. Asmani siku hiyo alishinda ufukweni akitengeneza nyavu, na wavuvi wa pwani nzima walimwona. Aliyempiga Hubert alitoka kwenye zege.

Jeraha lenyewe lilikuwa limepinda. Sepeto hukata mstari, nyundo hutoboa shimo. Hili lilikuwa upinde mrefu, mwembamba, kutoka sikioni hadi utosini. Amuri alikuwa akilifikiria tangu alipotoka zahanati.

"Nasoro," alisema, "hii kenchi mbona haikai?"

"Itakaa tu."

"Upande ule zimekaa vizuri."

Nasoro alipiga nyundo tena. Amuri alitembea kwa matako juu ya ukuta, miguu ikining'inia, akilitazama zege la mkanda lililouzunguka ukuta wote kwa juu. Upepo wa ziwa hung'oa mapaa, kwa hiyo mafundi wa mwambao huchomeka nyaya ndani ya zege likiwa bichi, likauke nazo, halafu kila waya hushika kenchi yake na kuifunga ukutani. Upande wa barabarani kila waya ulisimama pale hasa kenchi ilipotua. Kazi safi. Upande wa ziwani nyaya zilikuwa nyingi vilevile, lakini hakuna hata mmoja uliokutana na mti. Mmoja ulikuwa mbele, mwingine nyuma, shubiri hapa, shubiri pale.

Baba yake Amuri alikuwa mwashi wa Buyenzi, na mtoto alilelewa katika vumbi hilo kabla shule haijamwokoa nalo. Alijua kwamba nyaya huchomekwa na seremala, si mwashi, kwa kuwa seremala peke yake ndiye anayejua kenchi zake zitatua wapi. Cirhuza alipima kwa ufito aliokata mwenyewe, ambao hakumwachia mtu. Basi nyaya za upande wa barabarani zilichomekwa na Cirhuza. Hizi za ziwani zilichomekwa na mtu aliyekuwa akibahatisha.

Alirudi nyuma polepole, akipapasa, mpaka pale nyaya nzuri zinapokoma na mbaya zinapoanza. Hapo mkono wake ukakuta alichokitafuta. Mstari ulikatiza zege kwa mshazari, juu hadi chini, mwembamba. Upande mmoja ulikuwa kijivu kilichokolea, upande wa pili kilichopauka. Mshono. Zege la kwanza lilikuwa limeshaanza kukauka wakati la pili linamwagwa juu yake.

"Mlisimama," alisema Amuri.

Nyundo ya Nasoro ilinyamaza.

"Mlisimama katikati, muda mrefu. Kabla ya kusimama Cirhuza alikuwa hapa juu. Mliporudi, hakuwapo. Kizuka hakwenda, na wali wenu hakuula."

Mzee alitazama lori. Kisha akamtazama Amuri, na Amuri akaona jambo ambalo hakulizoea katika kazi yake, japo alilisababisha mara nyingi. Mzee yule alikuwa akimwogopa yeye. Ilimuuma.

"Unataka nini, shefu?"

"Nataka kujua ili nisipeleke mtu asiyehusika. Jua likizama pale, nyinyi wote mnapanda lile lori. Hilo unalijua?"

"Sisi yote tunalijua."

"Basi sema."

Nasoro aliketi juu ya zege, akavua kofia. Alisema kwa sauti ndogo, uso ukielekea ziwani ili dereva asione midomo. Hubert alipita kichochoroni karibu na adhuhuri. Alisimama, akamtazama Cirhuza aliye ukutani, akamwamkia vizuri sana, kwa jina, akaondoka upesi. Mji ulikuwa umekwisha jifunza maana ya salamu za Hubert. Aliyeamkiwa asubuhi alifuatwa jioni.

"Nikasema, acheni beto. Maisha yangu yote sijapata kusema ile neno. Tukamushusha, tukamupeleka kwa mutumbwi wa Asmani. Asmani mwenyewe hakujua, tuliuiba tu. Hubert akatufuata. Alikuwa hakuenda mbali, alikuwa anatuangalia. Akashika mutumbwi kwa mikono mbili na kuanza kuita watu."

"Nani alimpiga?"

"Mimi."

"Wewe ulikuwa na nini mkononi?"

"Mwiko."

"Mwiko hauachi jeraha lile, muzee."

"Basi ilikuwa sepeto."

Amuri alimwacha na uongo wake, akashuka. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa ya mzee aliyejitolea kufa kwa ajili ya mtu, na hakuwa na moyo wa kumfikisha mwisho wake.

Uani kulikuwa na rundo la mchanga, pipa la maji, na makarai ya chuma yamepangwa yamefunikwa. Amuri aliinua moja. Alipitisha kidole kwenye ukingo wake, taratibu, akiufuata upinde. Ulikuwa mrefu, mwembamba, na mzito wa simenti iliyogandamana.

Akakumbuka jinsi zege linavyopandishwa Buyenzi na huku pia. Watu hujipanga msururu kutoka penye mchanganyiko hadi ukutani. Karai lililojaa hupanda kwa mikono ya wanaume. Karai tupu hurudi chini kwa mikono ya wanawake, upande wa pili, ili misururu isigongane. Hakuna aliyeweka sheria hiyo, ila ndivyo ilivyo, na mwanamume akikutwa anarudisha makarai tupu atataniwa mwaka mzima. Waliomkimbiza Cirhuza ziwani walikimbia ghafla, kila mtu na alichokishika. Basi aliyekuwa na karai tupu, lenye simenti mbichi ukingoni, alikuwa mwanamke.

Wanawake wa ujenzi ule walikuwa wawili tu. Kulthumu, mwenye nyumba, mjane anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, ambaye nyumba yake ya kwanza iliteketea mwezi wa nne, alikuwa mnene na mwenye miguu mibovu, asingeweza kumfuata mtu mpaka majini. Wa pili alikuwa jikoni nyuma ya ukuta, akichochea kuni. Alikuwa Sabine, mke wa Cirhuza.

Kulthumu alimwona Amuri anaelekea huko, akajikokota akasimama njiani.

"Bwana Inspekteri, chakula bado. Nenda ukae kivulini."

"Sina njaa, mama."

"Huyu ni mugonjwa. Usimuulize kitu. Niulize mimi, nyumba ni yangu."

"Mama Kulthumu, nipishe."

Alimpisha, lakini hakwenda mbali. Sabine hakuinuka. Alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu. Aliona karai mkononi mwa Amuri.

"Nasoro amekuambia ni yeye," alisema.

"Ndiyo."

"Ni muongo."

"Najua."

"Alishika mutumbwi," alisema Sabine. "Bwana yangu alikuwa ndani, hajui kuogelea. Hubert anauvuta huku anaita. Mimi sikufikiria. Nilipiga mara moja tu, nikajua amekufa. Nikausukuma mutumbwi, ukaenda."

"Kwa nini hukupanda?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Tukipotea wote wawili siku moja, wangesema nini juu ya hawa mafundi? Watoto wangu niliwavusha tangu mwezi wa tano, wako kwa mama yangu. Mimi nimebaki nipike, watu waone mimi niko, waseme Cirhuza naye iko karibu. Tulisema hivyo, mupaka paa iishe. Kisha niondoke polepole."

Hapo ndipo Amuri alipoelewa uzito wa kenchi zile zisizokaa. Hawakuwa wakijenga nyumba tu. Kila msumari waliopigilia ulikuwa siku moja ya kumwonyesha Kapteni kwamba hapa hakuna kilichoharibika. Aliogopa tena, safari hii si kwa ajili yake peke yake.

"Sikiliza," alisema. "Nitataja jina la mumeo. Yuko Zaire, hawamfikii. Wewe utavuka magharibi ya leo, wavuvi wakiwasha taa. Nasoro na wengine pia. Kapteni akirudi kesho, akute ukuta."

"Na mama Kulthumu?"

"Mimi nakwenda na miguu yangu hii hii," alisema Kulthumu nyuma yao, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila yeye kuyafuta. Aliinua macho kwenye ukuta wake mpya, mzuri, ulioziba anga pande zote isipokuwa juu. "Nyumba ya pili hii. Mungu ananijua."

Walikuwa bado wamesimama hivyo jeep ilipoingia kichochoroni. Jua lilikuwa juu bado. Kapteni hakungoja lizame.

Alishuka na askari wawili, akiwa ananukia sabuni, akamsalimia Amuri kwa mkono. Juu ya ukuta Nasoro aliganda na nyundo yake. Amuri alijisikia mkojo ukimbana, jambo ambalo halikuwa limempata tangu utotoni.

"Inspekteri. Jina."

"Cirhuza. Seremala wa hapa."

Wamwagaji zege walisikia. Mmoja aliachia ubao ukaanguka, na hakuna aliyeuokota.

"Yuko wapi?"

"Amekimbia, mon kapiteni. Alichomoka wakati wa chakula, hawa hawakumwona. Walidhani yuko Kizuka. Nimewahoji wote, ni watu wa simenti tu, hawajui kitu."

Kapteni aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha macho yake yakatua jikoni, yakakaa.

"Yule si mke wake?"

Amuri alikuwa na pumzi moja ya kufikiri. Akisema si mke wake, uongo ungefichuka palepale, kwani Rumonge nzima ilimjua. Akikubali, Sabine angepandishwa lori.

"Ndiye. Nimemkamata. Ndiye peke yake anayejua mumewe amefikia kwa nani huko ng'ambo, na nani wengine wamevushwa. Namchukua Bujumbura sasa hivi. Kule tuna watu wa kumfanya aseme. Hapa mtamuua kabla hajasema, na majina yatapotea."

Kapteni alicheka kidogo. Neno "majina" lilimpendeza. Amuri alilichagua kwa ajili hiyo.

"Umekuwa mkali, Inspekteri. Nilidhani wewe ni laini." Alimkaribia, akashusha sauti. "Mchukue. Kesho asubuhi nitapiga simu Bujumbura. Nikiambiwa mwanamke hajafika, wewe utakaa mahali pake. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Kapteni akaashiria. Lori likanguruma, likageuza, likaondoka tupu, na jeep ikalifuata. Vumbi lilipotulia hakuna aliyejongea. Kulthumu alikuwa ameketi chini kwenye mchanga, mikono kichwani.

Amuri alimshika Sabine mkono juu ya kiwiko, kama ashikwavyo mfungwa, kwa kuwa majirani walikuwa wakichungulia. Alipopita chini ya ngazi alisema bila kuinua uso, "Magharibi, muzee. Wote. Msingoje kesho." Nasoro alijibu murakoze, asante, kwa sauti ambayo haikuvuka meno.

Volkswagen ya kazi ilikuwa chini ya ukuta. Sabine aliingia nyuma, akakunja mikono iliyojaa masizi. Waliondoka kwenye kichochoro, wakapita soko, wakapita mapipa ya mawese, mpaka barabara kuu. Hapo Amuri alisimamisha gari ingawa hakuna aliyekuwa akija.

Kushoto kulikuwa Bujumbura: meza yake, mshahara wake, gereza ambamo mwanamke huyu asingetoka. Alikuwa ameua mtu. Hilo lilikuwa kweli, na Amuri alikuwa ameapa kwa kazi ya kuwakamata walioua. Alijaribu kulishika wazo hilo, likamponyoka, kwa sababu tangu mwezi wa nne hakuwa amekamata hata mmoja wa wale walioua watu wengi zaidi, na kila siku alikunywa nao chai. Mama yake alikwisha kufa, mke hakuwa naye. Kwa mara ya kwanza alimshukuru Mungu kwa yote mawili.

"Mbona tumesimama?" aliuliza Sabine.

"Kabonga, kule mpakani kusini, unamjua mtu?"

"Mimi? Hapana."

"Hata mimi simjui."

Mwanamke aliinama mbele, akaitazama barabara, kushoto, kisha uso wa Amuri kwenye kioo.

"Bwana Inspekteri, Bujumbura ni huku."

"Najua," alisema Amuri, akakata kulia.